Maktaba ya Chuo Kikuu na Mwanafunzi wa Songwe: Matumizi, Tathmini na Pengo Lililo Kati Yake

Katika maktaba za vyuo vikuu vya Tanzania, wasomaji wengi ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wao ndio wanaojaza viti wiki za mitihani, ndio wanaopanga foleni kwenye meza ya kuazimia vitabu, na maoni yao ndiyo yanayochukuliwa kuwa kipimo cha maktaba. Hata hivyo, matumizi na maoni ni vitu viwili. Maktaba inaweza kujaa watu huku vitabu vyake vikikaa rafuni bila kuguswa, na mwanafunzi anaweza kuisifu maktaba ambayo hajaazima kitabu chake hata kimoja. Ubora wa huduma hauwezi kujulikana mpaka ieleweke ni wapi mambo hayo mawili yanaachana, na kwa nini. Mkoa wa Songwe unalionyesha suala hili waziwazi, kwa sababu wanafunzi wake ama husomea mbali na nyumbani, ama husomea nyumbani mbali na maktaba.

Wanafunzi wa Songwe na maktaba zao

Songwe ilimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu zaidi ya milioni 1.3. Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, peke yake una zaidi ya watu laki mbili. Pamoja na wingi huo, kijana wa Mbozi, Momba, Ileje au Tunduma anayepata nafasi ya kusoma shahada kwa kawaida hufunga safari. Walio wengi katika ukanda huo huangalia kwanza jiji la Mbeya, takribani kilomita 100 kutoka Tunduma kwa barabara kuu ya Zambia. Huko kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, maarufu kama MUST, kilichotokana na Chuo cha Ufundi Mbeya na kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012. Kuna pia Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya, na kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe. Wengine huenda Dar es Salaam, Dodoma, Iringa au Morogoro.

Kundi jingine halisafiri. Ni walimu, watumishi wa halmashauri, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wanaosoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kufundisha kwa masafa kupitia vituo vya mikoa. Mwanafunzi wa kundi hili ana kazi na familia, na maktaba yake ya kila siku ni simu.

Makundi haya mawili hayaitumii maktaba kwa namna moja. Wa kwanza anaihukumu kwa kiti, umeme na ukimya. Wa pili anaihukumu kwa kile kinachofunguka kwenye kioo cha simu yake saa nne za usiku, baada ya kufunga duka.

Huduma zenyewe

Huduma za maktaba ya chuo kikuu zinaweza kupangwa katika mafungu matano. La kwanza ni mahali: meza, viti, mwanga, soketi, vyoo, vyumba vya majadiliano na muda wa kufungua. La pili ni mkusanyiko wa vitabu, majarida, tasnifu na mitihani iliyopita. La tatu ni utaratibu wa kupata na kuazima, yaani katalogi, meza ya kuazimia, na rafu maalumu ya vitabu vinavyogombewa, ambavyo hutolewa kwa saa chache tu na kusomwa humo humo ndani. La nne ni rasilimali za kielektroniki: hifadhidata za majarida, vitabu vya kidijitali na hazina ya machapisho ya chuo. La tano ni msaada wa wakutubi, kuanzia kumwelekeza mgeni rafu ilipo hadi kumfundisha mwanafunzi kutafuta makala, kuyapima na kuyanukuu kwa uaminifu.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hukagua maktaba kabla ya kukipa chuo ithibati, kwa hiyo mafungu yote matano yapo kwa kiasi fulani katika kila chuo. Tofauti iko kwenye kina. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ilisanifiwa kupokea watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Vyuo vingi vya mikoani vina majengo madogo mno vikilinganishwa na hilo, na mkusanyiko wa vitabu uliopatikana kidogo kidogo kwa kununua na kwa misaada. Upande wa kielektroniki pengo hilo ni dogo zaidi. Kupitia muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini, COTUL, na mpango wa kimataifa wa Research4Life, ambao hutoa majarida bure au kwa bei ndogo sana kwa taasisi za nchi kama Tanzania, chuo kidogo kinaweza kuwa na majarida mengi ya kitaaluma kuliko jengo lake lingeweza kubeba kwa karatasi. Majarida hayo hayaonekani kwa macho, nalo hilo lina uzito mkubwa katika namna wanafunzi wanavyoitathmini maktaba.

Mwanafunzi anavyoingia

Tabia ya mwanafunzi katika maktaba huanza kabla hajafika chuoni. Upanuzi wa sekondari za kata chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulifungulia shule watoto wengi wa vijijini ambao wazazi wao hawakuipata nafasi hiyo. Madarasa yalikwenda mbele, maktaba zikabaki nyuma. Katika shule nyingi za aina hiyo, maktaba ni kabati lenye kufuli katika ofisi ya mwalimu wa taaluma. Mwanafunzi husoma daftari lake, huazima daftari la mwenzake aliyehudhuria vizuri, kisha hutatua mitihani iliyopita. Kwa njia hiyo hufaulu, na njia iliyomfaulisha mtu haachwi kirahisi.

Lugha nayo huongeza uzito. Mtoto wa Songwe hukua na Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na masomo ya sekondari na chuo kwa Kiingereza. Kitabu cha kurasa 600 kilichoandikwa kwa Kiingereza kigumu humtaka muda ambao hana. Muhtasari wa kurasa 12 uliotayarishwa na mhadhiri, au na mwanafunzi wa mwaka uliotangulia, humtosha kufanya mtihani.

Ndiyo maana neno linalotawala maisha ya chuo ni “desa”. Desa ni maandishi ya muhadhara yanayopita mkono kwa mkono, kutoka mwaka hadi mwaka, kwanza kwa karatasi za steshenari na siku hizi kwa makundi ya WhatsApp. Kudesa huokoa muda, tena huwafaa wasio na fedha. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina kifungu cha vitabu na viandikwa, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Kitabu kimoja cha uhandisi au tiba kutoka nje kinaweza kuzimaliza zote, na mara nyingi bumu, yaani fedha hizo za mkopo, lina matumizi mengine yanayolisubiri: bando, chakula, nauli ya kurudi nyumbani. Katika hali hiyo, maktaba ndiyo ilipaswa kuwa mkombozi wa mwanafunzi maskini kuliko yeyote. Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo.

Matumizi halisi

Anayekaa mlangoni mwa maktaba ya chuo kwa muhula mzima ataona mawimbi. Wiki za mwanzo watu ni wachache. Majaribio ya katikati ya muhula yanapokaribia, viti huanza kujaa. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, UE, mwanafunzi huwahi alfajiri kuweka mkoba juu ya meza ili kiti kisichukuliwe. Hofu ya kupata sapu, yaani mtihani wa marudio, au kudisko, yaani kuondolewa chuoni, hujaza maktaba kuliko tangazo lolote.

Wengi wa wanaojaza viti hivyo huja na mzigo wao wenyewe: desa, kompyuta mpakato, simu na chaja. Maktaba kwao ni chumba cha kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii. Mwanafunzi wa hosteli ana wenzake watatu au zaidi chumbani, na nyumba ya kupanga mtaani ina kelele na umeme wa mashaka, hivyo meza yenye utulivu ni huduma yenye thamani kubwa. Mahitaji ya aina hii ni makubwa kiasi kwamba humwagika nje ya jengo. Vimbweta, yaani meza na viti vya saruji vilivyotapakaa kwenye viunga vya vyuo, hujaa makundi ya majadiliano mpaka giza liingie. Mwanafunzi anayemwelezea mwenzake nadharia ya uchumi kwa Kiswahili kwenye kimbweta anajifunza kweli kweli, na maktaba isiyo na chumba cha majadiliano imekiachia kazi hiyo kimbweta.

Matumizi ya pili kwa ukubwa ni intaneti. Waifai ya chuo humwokolea mwanafunzi gharama ya bando, naye huitumia kupakua mihadhara, kujaza fomu na kutafuta majibu ya kazi alizopewa. Utafutaji huo huanzia na mara nyingi kuishia kwenye Google. Hifadhidata ambazo maktaba imezipata kwa jasho hufunguliwa na wachache, kwa kuwa zina anwani zake, maneno ya siri na namna yake ya kuuliza.

Kuazima vitabu huja baada ya hapo. Kitabu kinachotakiwa na darasa la wanafunzi 300 kikiwa na nakala nne, hesabu yake haihitaji ufafanuzi. Wanaokipata hukimbilia steshenari kutoa nakala ya sura moja au mbili, na jambo hili huigusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kuna pia vitabu vinavyofichwa rafuni makusudi, nyuma ya vitabu vya somo jingine, ili aliyevificha avikute kesho. Kwa mwenzake, kitabu kilichofichwa ni sawa na kilichopotea, hata kama katalogi inaonyesha kwamba kipo.

Matumizi hubadilika kwa mwaka wa masomo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huoneshwa maktaba katika wiki ya mapokezi, siku ambazo kichwa chake kimejaa usajili, malazi na ugeni wa jiji, kwa hiyo hukumbuka mlango tu. Wa mwaka wa pili amekwisha kupata njia zake za kuishi na desa. Wa mwaka wa mwisho ndiye anayeigundua maktaba, kwa sababu utafiti wake unamtaka marejeo ya kweli, na hapo hujikuta akijifunza katika wiki tatu kile alichopaswa kukijua kwa miaka mitatu. Baada ya hapo hubaki safari moja tu: kufuata saini ya maktaba kwenye fomu ya kumaliza chuo.

Wanachosifu na wanacholalamikia

Tathmini za wanafunzi katika vyuo vya Afrika Mashariki hufanana kwa sura ya jumla. Yanayosifiwa zaidi ni ukimya, usalama na usafi wa mahali. Yanayolalamikiwa zaidi ni uchache na ukongwe wa vitabu vya kozi, intaneti inayosuasua, viti visivyotosha nyakati za mitihani, soketi chache na kufungwa mapema. Kuhusu wakutubi maoni hugawanyika: anayesaidiwa hadi akapata alichokifuata huwapa alama za juu, na anayejibiwa “angalia kule” bila mtu kunyanyuka hatarudi kuuliza.

Wanafunzi wenye ulemavu huwa na madai yao mahususi. Ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu, na vitabu visivyo na nakala ya nukta nundu au ya sauti, huifunga maktaba kabla haijafunguliwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unaruhusu machapisho kugeuzwa kuwa katika miundo inayosomeka na wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki. Kinachobaki ni kazi ya kuyageuza.

Kipengele kinachopotosha zaidi tathmini ni matarajio. Mtu hupima huduma kwa kulinganisha anachopata na alichotegemea. Mwanafunzi aliyetoka shule yenye kabati la vitabu akiingia kwenye ukumbi wenye rafu 50 hutoa alama za juu, na anastahili kufurahi. Lakini alama hizo zinaeleza alikotoka zaidi ya zinavyoieleza maktaba. Hawezi kulalamika kwamba hifadhidata ya majarida haifunguki kama hajui kwamba ipo. Mwaka wa tatu, anapoijua, alama zake hushuka hata kama huduma imeboreka. Kushuka huko kunaweza kuwa dalili njema: msomaji amekua, na sasa anadai zaidi.

Jinsi tathmini inavyofanywa

Vipimo viwili vinavyojulikana sana vimejengwa juu ya pengo hilo la matarajio. Cha kwanza ni SERVQUAL, kilichochapishwa na Parasuraman, Zeithaml na Berry mwaka 1988 kwa ajili ya huduma za biashara. Hupima mambo matano: vinavyoonekana kwa macho, uhakika wa huduma, wepesi wa kuitikia, imani anayoijenga mhudumu, na kumjali mteja. Cha pili ni LibQUAL+, kilichobuniwa na Chuo Kikuu cha Texas A&M pamoja na chama cha maktaba za utafiti za Marekani na Kanada, na kuanza kutumika mwaka 2000. Kina maswali 22 katika nyanja tatu: namna mtu anavyohudumiwa, uwezo wake wa kujipatia taarifa, na maktaba kama mahali. Kwa kila swali, msomaji hutaja kiwango cha chini anachoweza kukivumilia, kiwango anachokitamani na kiwango anachokipata. Huduma iliyo chini ya kiwango cha uvumilivu ndiyo inayotakiwa kushughulikiwa kwanza.

Vipimo hivi vina faida pale vinapotenganisha mahali, mkusanyiko na msaada. Wastani mmoja wa jumla hudanganya, kwani sifa za ukumbi tulivu hufunika njaa ya vitabu. Kuna pia makosa ya utekelezaji yanayojirudia. La kwanza ni kugawa dodoso ndani ya maktaba, hivyo kuwaacha wasiokanyaga humo, ambao majibu yao ndiyo yangeeleza mengi. La pili ni kuuliza wakati wa mitihani pekee. La tatu ni kumuuliza mwanafunzi kwa Kiingereza cha kitaalamu kuhusu huduma ambazo hajui majina yake. La nne linatokana na adabu: akiulizwa na mtumishi wa maktaba kama ameridhika, kijana aliyelelewa vizuri hujibu kwamba hakuna shida, hata alipotoka mikono mitupu.

Dawa ya kosa hilo la mwisho ni kubadili swali. Badala ya kuuliza kama ameridhika, aulizwe alikuja kufuata nini, alikipata au hakukipata, na alichukua muda gani. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na mojawapo ni kuuokoa muda wa msomaji. Majibu ya swali hilo yakiwekwa pamoja na kumbukumbu za uazimaji, hesabu za wanaoingia mlangoni na idadi ya makala yaliyofunguliwa, hutoa picha ambayo alama za kuridhika peke yake haziwezi kuitoa.

Kilomita 100 kutoka rafuni

Umbali ndio mtihani mgumu zaidi wa huduma hizi, na Songwe inauonyesha vizuri. Kila mwaka wanafunzi wa fani nyingi huenda mafunzo kwa vitendo au kukusanya data, na wengi huchagua kurudi kwao. Mkoa una mada za kutosha: kahawa ya Mbozi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo chake cha Mbimba, makaa ya mawe ya Ileje, dhahabu ya Wilaya ya Songwe, mpunga wa bonde la Kamsamba, na biashara ya mpakani Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019. Mwanafunzi wa biashara anaweza kukaa na madereva wa malori kwa siku kumi na kupata data ambayo hakuna maktaba inayo. Akitaka kuilinganisha na tafiti za mipaka mingine, anahitaji majarida, na hapo ndipo hukwama.

Sababu yake ni ya kiufundi. Mchapishaji hutambua chuo kwa anwani yake ya intaneti, hivyo makala yanayofunguka ndani ya kampasi hufungwa mwanafunzi akiwa Tunduma na bando lake. Chuo chenye mfumo wa kuingia kwa jina na neno la siri humwondolea kikwazo hicho, mradi awe ameandikishwa na kufundishwa kabla ya kuondoka. Asipopata njia hiyo, kuna milango iliyo wazi kwa wote: majarida huria, na hazina za machapisho ambazo vyuo vya Tanzania vimeziweka mtandaoni. Mwanafunzi anayetafiti kahawa ana sababu ya pekee ya kuijua Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine iliyoko Morogoro katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa kuwa hazina yake ya mtandaoni imebeba tasnifu nyingi kuhusu mazao na wakulima wa nchi hii. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, milango hii ndiyo maktaba yenyewe, na kila hatua inayohitaji kompyuta au bando kubwa humtupa nje.

Kinachobadilisha matumizi

Uzoefu wa maktaba zenye wasomaji wa kweli unaonyesha kwamba jengo hufuata, halitangulii. Hatua ya kwanza iko mikononi mwa mhadhiri. Kazi ya darasa inayoweza kujibiwa kwa desa itajibiwa kwa desa. Kazi inayodai makala matatu yaliyosomwa na kulinganishwa humpeleka mwanafunzi kwa mkutubi. Hatua ya pili ni kufundisha matumizi ya maktaba kwa vitendo ndani ya somo, mwaka wa kwanza na tena kabla ya utafiti, badala ya kuyamaliza katika ziara moja ya wiki ya mapokezi. Hatua ya tatu ni kununua nakala kwa kufuata orodha za kozi na idadi ya wanafunzi, na kuongeza saa za kufungua pale mawimbi ya mitihani yanapokuja. Hatua ya nne ni kuwaandaa wanaokwenda mikoani: kila mmoja aondoke na akaunti inayofanya kazi, na namba ya simu ya mkutubi anayejibu ujumbe.

Hatua ya mwisho ni kurudisha majibu kwa waliotoa maoni. Dodoso lisilofuatiwa na badiliko linaloonekana huwafundisha wanafunzi kwamba kauli yao haina kazi, na mwaka unaofuata hujaza alama za katikati ili wamalize haraka. Wanapoona nakala zimeongezwa kwa sababu walisema hazitoshi, hujibu kwa makini, na matumizi na tathmini huanza kusema jambo moja.